Amplifaya Isiyozima

Jumamosi, saa nne asubuhi, mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Solo aliingia katika duka la vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika, gitaa lake likiwa limefungwa kwa shuka la maua. Duka lilibanwa kati ya duka la dawa na chumba cha fundi cherehani. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, alikuwa akipangusa tarumbeta.

"Nahitaji amplifaya," Solo alisema.

"Na ile yako?"

"Imekata roho harusini. Wimbo uko katikati, bwana harusi mguu juu."

"Pole sana."

"Safari hii nataka isiyozima. Na iwe na mlio wa roki ya zamani."

"Zamani ipi? Ya kuimba au ya kukwaruza?"

"Zote. Nikiigusa taratibu iimbe, nikiichapa ikwaruze. Sitaki kuhangaika na vitufe."

Mama alikubali kwa kichwa. Wapiga gitaa wengi walioingia pale walitaka mlio wa roki ya zamani, na wengi wao hawakuujua hata ungewasalimia njiani. Huyu alielekea kuujua. Akazunguka meza kumwonyesha njia, akasema jambo lingine akiwa upande wa kushoto, na Solo akageuza mwili mzima ili amweke kulia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya mashine namba tatu katika kiwanda cha misumari. Mashine moja iligonga misumari mia tatu kwa dakika, na ukumbini zilikuwa kumi na nne. Sikio lake la kushoto lilikufa miaka tisa iliyopita. La kulia lilikuwa njiani.

"Nimesema, jaribu hizi tatu," mama alirudia.

Ya kwanza ilikuwa mpya na nyepesi kama sanduku la viatu, na ilikuwa na kitufe cha kuiga amplifaya arobaini maarufu. Solo alikizungusha mpaka mwisho. Iliziiga zote vizuri, kama kasuku. Yenyewe haikuwa na lake la kusema.

Ya pili ilikuwa kubwa kama kabati, na nyuma yake taa nne za kioo ziliwaka rangi ya chungwa. Mlio wake ulikuwa mtamu hata mama akaacha kupangusa. Lakini ilinguruma hata mikono ikiwa mbali na nyuzi, na baada ya wimbo mmoja ikatoa harufu ya kitu kinachoungua. Solo alinusa, akachomoa waya.

"Hii ni ya kuchumbia," alisema. "Mimi natafuta ya kuoa."

Ya tatu ilikuwa chini ya meza, imefunikwa gunia. Kimo chake kilifika gotini. Ngozi yake ya kahawia ilikuwa imechubuka pembeni, kitambaa cha mbele kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe, na ilikuwa na vitufe vitatu tu: sauti, besi na trebo.

"Imetoka kiwandani kwenu," mama alisema. "Ilikuwa kwenye ukumbi wa burudani wa wafanyakazi, enzi mlipokuwa na ukumbi wa burudani. Miaka thelathini haijaguswa na fundi."

"Ina kasoro gani?"

"Inasikilizisha."

"Inasikilizishaje?"

"Wewe piga."

Solo alisubiri taa mbili za nyuma zipate moto, kisha akapitisha kidole kwenye nyuzi zote sita. Sauti ilitoka nene na safi. Akachapa kwa nguvu, nayo ikakwaruza, siyo sana, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema la maana. Ndio huo. Wakati mlio ungali hewani, upande wa kushoto wa dunia ulifunguka kama dirisha. Alisikia cherehani ya jirani. Alisikia mtu akitikisa chupa ya dawa na mwingine akilalamika kuhusu foleni. Mlio ulipofifia, dirisha likafungwa. Akapiga tena, likafunguka tena.

"Naona," alisema.

"Wengine hawapendi. Aliyeichukua mwisho aliirudisha siku ya tatu. Alisema nyumbani kwake kuna maneno mengi."

"Lakini haizimi?"

"Hapo nakuapia. Hata umeme ukikatika, inaendelea mpaka wimbo uishe. Ina adabu zake."

Solo aliwaza kwa muda wa kulifunga gitaa kwa shuka. Kisha akaacha baiskeli yake pale dukani kuwa malipo, mama akaridhika, na amplifaya ikapelekwa nyumbani kwa mkokoteni.

Aliishi katika nyumba za kiwanda, safu ndefu ya vyumba viwili viwili vinavyotazama ua mmoja wa saruji. Jumatatu zamu yake ya mchana iliisha saa kumi. Saa kumi na moja alikuwa amekwisha kuoga, ametoa kiti nje, amechomeka waya dirishani. Mke wake alikuwa kwenye meza yake ya kupigia pasi nguo za watu, mahali alipoiweka siku zote, kushoto kwa kiti cha mumewe.

Mlio wa kwanza ulipotoka, jirani wa mlango wa tatu, Mzee Koili, aliinua kichwa. Huyu alistaafu kutoka chumba cha koili za waya, na ilikuwa mwaka wa sita hajasikia hata radi. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akisoma kitabu kwa sauti kizingitini.

"Kumbe una sauti nzito hivi," alimwambia. "Umemtoa nani?"

"Mama anasema nimekutoa wewe, babu."

"Sawa. Soma."

Siku ya pili walikuja wazee wanne na vigoda vyao. Mwisho wa wiki walikuwa kumi na tisa, wote wa kiwandani, wote viziwi wa kutupwa kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja kesho yake. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Waligombana kidogo kuhusu nani akae wapi, wakaelewana, na tangu hapo kila mmoja alikuwa na mahali pake. Mmoja alikuja na mkewe, wakamaliza ugomvi uliokuwa umesimama miaka minne kwa sababu mume alikuwa hajasikia jibu. Mmoja alileta redio. Mwingine alikaa karibu na jiko la jirani asikilize vitunguu vikikaangwa, basi, hakutaka kingine. Solo alipojaribu kuwapigia ule wimbo mrefu alioufanyia mazoezi tangu ujana, na kupandisha vidole mpaka juu kabisa ya shingo ya gitaa, Mzee Koili alimkata.

"Mwanangu, hizo mbwembwe za nini? Piga chochote, hata ukikosea. Sisi tuna mambo yetu hapa."

Basi akawa anapiga mapigo matatu yaleyale, polepole, yakizunguka. Hakukasirika. Ilikuwa miaka sasa tangu jambo lolote limkasirishe au limfurahishe; daktari wa zahanati alimwambia ni uchovu, akampa vitamini.

Mke wake alikuwa na mazoea. Kwa miaka tisa alikuwa akiongea upande wa kushoto wa mumewe. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kuna maneno ambayo mtu lazima ayatue mahali, na sikio lililokufa ni salama kuliko shimo. Amplifaya ilipokuja alijua kama wengine wote kwamba sikio lile sasa lilikuwa wazi saa kumi na moja. Siku kadhaa alinyamaza. Jumanne ya wiki ya pili, mazoea yalimshinda, au pengine aliamua.

"Kola hii haikubali," alisema, huku pasi ikipita. "Miguu imevimba tena. Binti yetu yuko kwenye mashine namba saba. Mwaka wa pili huu. Nilikwenda mwenyewe kwa msimamizi, nikamwombea."

Vidole vya Solo viliendelea. Binti yao aliondoka nyumbani kila alasiri akiwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na Solo aliamini yuko ghorofani, ofisini, kwenye mafaili ya zamu ya jioni. Zamu zao hazikukutana, na waliofanya kazi ukumbini hawakupanda ghorofani.

"Nimekusikia," alisema.

"Najua. Gitaa linalia."

"Nilisema mtoto wangu hatasimama pale."

"Ulisema. Na ofisi ilisema haina nafasi. Angekaa hapa anitilie mkaa kwenye pasi mpaka lini, baba yake?"

Solo aliitafuta hasira kifuani, mahali alipokumbuka kuiacha, asiipate. Angeweza kusimama. Lakini angesimama asingesikia lingine ambalo mke wake angesema, kwa hiyo akaendelea kupiga.  Mke wake alikunja shati, akachukua jingine.

Binti aliporudi, Solo alimwita kwenye mwanga wa mlango, akasema karibu na uso wake, "Wamekupa vizibo vya masikio?"

Binti alimtazama mama yake, kisha baba yake. "Tunatumia pamba, baba."

"Sisi pia tulitumia pamba."

"Eeh. Wameniambia."

Suala la vizibo halikuwa jipya. Miaka mitatu iliyopita wazee wale waliandika barua kwa kiwanda. Aliyeiandika ni Katibu, aliyewahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi na aliyebaki na cheo baada ya tawi kufa. Barua iliomba mambo mawili: kiwanda kikiri kwamba mashine zake zimeua masikio yao, na walioko kazini sasa wapewe vizibo. Meneja aliisoma mbele ya Katibu, akamwandikia jibu kwenye karatasi, maana Katibu naye alikuwa hasikii: *Sikio halipiti kichwa.* Katibu aliipeleka barua juu zaidi, kwa wakaguzi wa kazi. Ikakaa. Sasa wakaguzi walikuwa wamejibu: kiwanda kilete daktari, awapime wazee, aandike. Kama ni viziwi, vizibo vitatolewa kwa amri.

Kiwanda kikapanga siku. Meneja, mtu muungwana, alisema hakuna haja ya kuwasumbua wazee kwenda zahanati. Daktari atawafuata walipo, uani, Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Jumatano Katibu alimfuata Solo baada ya muziki na kumwandikia kiganjani kwa kalamu: *Kesho usipige.*

"Sipigi," Solo alisema, na Katibu akamsoma midomo.

Alhamisi wazee kumi na tisa walikaa kwenye vigoda vyao kama kawaida. Gitaa lilikuwa limelala magotini kwa Solo. Amplifaya ilikuwa imewashwa, kwa kuwa ilichukua muda kupata moto na mazoea ni mazoea. Daktari aliingia na mkoba wake, kijana mwenye adabu na viatu vilivyong'aa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Hakuna aliyeitika. Daktari aliandika.

Kisha akaanza kupanga karatasi zake, na hapo lango likalia bila wazee kulisikia. Aliingia binti wa Bibi Mizani. Bibi Mizani, mmoja wa wale kumi na tisa, alipima makasha ya misumari kwa miaka thelathini na mmoja, na binti yake alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili. Alikuwa amebeba kitoto cha miezi minne. Alisema kitu kwa mama yake. Akasema tena. Mtoto alifungua mdomo, akacheka, na Bibi Mizani akauona mdomo ule ukifunguka.

Alisimama, akaenda mbele ya Solo.

"Piga, mwanangu."

Solo alionyesha daktari kwa kidevu.

"Nimemwona. Huyu mtoto anaondoka kesho alfajiri, na mimi nina miaka sabini na nane. Piga."

Katibu alinyanyuka, akatikisa mikono yote miwili. Bibi Mizani hakumtazama. Alizungumza kwa sauti kubwa sana, sauti ya watu wa kiwandani.

"Barua imekaa miaka mitatu. Ikikaa wa nne nitakuwa chini ya udongo. Mimi naijua saa moja hii tu."

Wale waliosoma midomo yake waliwatafsiria wengine kwa mikono. Wazee walitazamana. Mzee Koili alimtazama mjukuu wake kizingitini, akatazama kiwanda nyuma ya ukuta, akatazama vidole vyake. Kisha akainua mkono. Wengine wakainua. Solo alihesabu kumi na saba. Katibu alikuwa amekaa chini, mikono ameificha kwapani, na mmoja alikuwa amesinzia.

"Endeleeni tu," daktari alisema. "Msijizuie kwa ajili yangu."

Solo alipiga.

Mtoto wa binti wa Bibi Mizani alikuwa na kicheko kikavu, kama mtu anayepasua karanga. Bibi alikisikiliza akiwa amefumba macho. Redio ikafunguliwa. Kule jikoni vitunguu vilitiwa kwenye mafuta. Daktari alisimama nyuma ya safu, hatua ishirini, akaweka karatasi mbele ya mdomo wake, akanong'ona.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," waliitika kumi na tisa kwa pamoja. Katibu pia aliitika. Adabu ilimtoka kabla hajaizuia.

"Sabini na nne," daktari alinong'ona.

"Sabini na nne," walisema.

"Ufunguo. Mbegu. Jumapili."

"Ufunguo. Mbegu. Jumapili."

Daktari aliandika. Alikwenda kwa kila mmoja, akanong'ona, akajibiwa, akaandika. Solo alitazama taa mbili za kioo nyuma ya amplifaya na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya muziki aliomba chombo chake kife. Aliomba kimoyomoyo, bila kuacha kupiga, maana hakuweza kumnyima Bibi kile kicheko kwa mkono wake mwenyewe. Saa kumi na moja na nusu umeme ulikatika. Redio ilinyamaza. Feni za nyumba zote zilisimama. Taa mbili za kioo ziliendelea kuwaka, na mlio ukaendelea, wa kuimba, wa kukwaruza kidogo, mzuri kama siku ya dukani.

Daktari alipofika kwa Solo, alinong'ona upande wa kushoto.

"Bwana, unanisikia?"

"Nakusikia," Solo alisema. "Daktari, nikiacha kupiga hawasikii. Unaliona hilo."

"Naliona."

"Basi liandike."

Daktari alisoma fomu yake juu hadi chini. Alikuwa mkweli, na alitafuta kwa makini.

"Hakuna mahali pa kuliandika," alisema. "Kuna 'anasikia' na 'hasikii'. Na sasa hivi wanasikia."

Solo alipiga mpaka saa kumi na mbili. Daktari alikuwa amekwisha kwenda.

Majibu yalikuja baada ya siku nane, safari hii haraka. Wazee wote kumi na tisa walikuwa na usikivu mzuri kuliko wa kawaida kwa umri wao. Wakaguzi walifunga faili. Vizibo havikuhitajika. Meneja alituma salamu za shukrani na waya mrefu mpya wa umeme kwa ajili ya amplifaya, wenye muhuri wa kiwanda, ili wazee waweze kukaa kivulini. Ulikuwa waya mzuri. Solo aliuchomeka.

Katibu hakuja kwa siku tatu. Ya nne alikuja na kigoda chake, akakaa mahali pake. Hakuna aliyemsema, naye hakumsema mtu. Alikuwa na dada yake wa kumpigia simu.

Ikapita miezi mitano. Mashine namba saba haikusimama hata siku moja, na kiwandani waliisifu. Nyumbani binti alianza kuongea kwa sauti kubwa. Mama yake akimwita, aligeuka mara mbili kabla ya kujua sauti imetoka wapi, na baadaye akaacha kugeuka. Mama alihamisha meza yake ya pasi, akaiweka mahali ambapo hakuna sikio la mtu karibu, akafanya kazi akiwa kimya.

Jumatatu moja zamu zilibadilishwa, binti akatoka saa kumi. Solo alikuwa amechomeka waya na taa zinapata moto. Binti alitoka ndani, bado na vumbi la chuma kwenye nyusi, ameshika kigoda cha jikoni. Alisimama ukingoni mwa safu. Wazee walisogea bila kuambiwa, kila mmoja kidogo, mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kati ya Mzee Koili na Bibi Mizani.

"Usikae karibu na ukuta," Mzee Koili alimwonyesha kwa mikono. "Unarudisha mwangwi."

Binti alishukuru kwa kichwa, akaketi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Solo alimtazama, akaangalia kidole chake kikitafuta mahali pake kwenye uzi mnene, akapiga.

Binti alitoa simu mfukoni. Kulikuwa na ujumbe wa sauti ambao hakuwa ameusikiliza, kutoka kwa rafiki, kutoka kwa mjomba, kutoka kwa kijana fulani, wa wiki nne zote. Aliiweka simu sikioni, akaanza na wa kwanza. Alicheka mara moja. Mwingine aliusikiliza mara mbili, uso umetulia. Ulikuwa umebaki mwingi.

Saa kumi na mbili ilifika. Wazee walianza kukusanya vigoda na kuagana wakati bado wanasikiana. Solo alinyoosha shingo, akaona kidole cha binti kikishuka kwenye kioo cha simu, bado kinashuka, na akaurudia wimbo tangu mwanzo.